Damu Nyepesi

Moyo wangu una mlango wa chuma.
Usiku Obuya huusikia chini ya shuka,
tik, tik, husema
hakujua anaoa saa ya ukutani.
Ili damu isigande kwenye bawaba zake
nameza kidonge cha waridi kila jioni,
taarifa ya habari inapoanza.

Sista Kerubo wa kliniki ya Alhamisi
huniandikia namba katika kijitabu:
mbili nukta sita, tatu, mbili nukta nane.
"Ukishuka, itaganda. Ukipanda, itamwagika.
Pita katikati, mama, kama mtu
anayevuka kijito juu ya gogo."
Hata osuga nikaila kwa kipimo,
kiganja kile kile, Jumatatu hadi Jumapili.

Lakini goti.
Aprili, mvua, cherehani ya kanyagio,
sare za kwaya ishirini na nne
na goti likiniunguza kama pasi.
Mwenye duka la dawa pale Kibuye
akanifungia vidonge vya njano katika gazeti,
shilingi hamsini.
Hakuuliza. Sikusema.

Siku ya tatu mswaki ulitoka mwekundu.
Siku ya tano paja liliota ramani ya zambarau
na sikukumbuka nilipojigonga.
Sindano ikanidonoa kidole, tone moja tu,
nikafunga kitambaa, nikafunga kingine,
kola nyeupe ya sauti ya kwanza ikaharibika.
Kisha choo kikawa cheusi kama lami.
Nikamwaga maji, nikanyamaza.
Mwanamke mzima, utaanzaje kusimulia hayo?

Obuya ndiye aliyenikuta sakafuni,
tik-tik-tik-tik, saa imepagawa.

Walisema tisa nukta moja.
Walisema tumbo linavuja kwa ndani.
Wakanitundikia damu ya mtu nisiyemjua,
nzito, ya giza, ikishuka kwa kusitasita.
Niliitazama usiku kucha
nikaionea wivu.

Nimerudi kwenye kidonge cha waridi.
Ndiyo, hicho hicho.
Bila hicho mlango utajifunga siku moja
nami nikiwa ndani.

Goti bado linauma. Nimeliacha liume.
Wiki jana nilipita kwa mwenye duka,
nikamwekea kijitabu juu ya kaunta,
kidole changu kwenye ile tisa.
Alisoma kimya, akasoma tena.
Halafu akauliza
kama nashona na mapazia.