Kabla ya Kufungua Kifuniko

Kwanza usiguse. Ngoja.
Chuma kilichokasirika hakisemeshwi.
Nimeketi juu ya tairi, karakana ya Maweni,
nasikiliza Pijo ya Bi Sauda Shekuwe ikipoa:
tik, tik, kama mtu anayehesabu deni.

Imevutwa kwa kamba kutoka njia ya Gongoni,
mvuke umeiachia boneti michirizi ya chumvi.
Nne-sifuri-nne, rangi ya maziwa yaliyolala.
"Wale wa Mombasa," aniambia, "wameniuzia rejeta mpya,
halafu pampu, halafu wakang'oa thermostati,
wakasema, mama, hii ni pwani, haina haja.
Na bado yachemka, fundi.
Na bado yachemka."

Sikumjibu. Kwa maradhi haya sipendi kutabiri.
Nilivuta kijiti cha oili: nyeusi, safi kwa weusi wake,
si chai ya maziwa. Gasketi basi imesalimika.
Tsofa akapiga stata, kifuniko kikiwa wazi,
nikachungulia kama mtu aliyeangusha pete kisimani:
hakuna povu. Mkanda wa feni umekaza.

Thermostati ya zamani alikuwa nayo mkobani,
ameifunga kwa pindo la leso kama jino la mtoto.
Tuliitumbukiza katika sufuria ya Kadzo muuza chai
(akanung'unika, "hiyo mtanilipia")
maji yakaanza kutetema, na ile shaba
ikafumbua mdomo, taratibu, kwa wakati wake.
Haikuwa na kosa. Ilifukuzwa bure.

Basi nikaweka kiganja.
Wenzangu wana mashine siku hizi; mimi nina kiganja.
Rejeta, joto sawasawa.
Kando ya silinda ya kwanza niliweza kuhesabu hadi kumi.
Ile ya nyuma kabisa, kule karibu na dashibodi,
sikuimaliza moja.

Ubavuni mwa injini pana koki ndogo
ambayo hakuna aliyeikumbuka.
Tulingoja ipoe tena, nikaifungua.
Maji yote yale ndani, na nje halikutoka tone.

Nikachukua spoku ya baisikeli, nikachokoa.
Kimya. Kisha kikohozi.
Kisha ukashuka uji mzito, mwekundu,
wekundu ule ule unaoipaka bahari yetu
mvua ikinyesha bara na mto ukafurika,
wageni wa hoteli wakauliza nani kamwaga nini.
Ulijaa karai. Tsofa akaleta la pili.

Bi Sauda aliinama, akaupekecha kwa vidole.
"Sabaki," akasema.
Miaka ishirini na mitatu marehemu alipeleka magazeti Garsen,
na kila lilipochemka gari alishuka mtoni na debe.
"Nikimuuliza, hunambia ameyachuja kwa kikoi."
Akacheka hadi akashika mlango asianguke.
"Muongo yule! Kikoi kilirudi kikavu kila siku,
na mimi ndiye niliyekifua."

Tuliisukutua injini mpaka adhana ya magharibi,
mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia.
Thermostati nikairudisha kwenye kiti chake.
Ya kisima usitie, nikamwambia, yana chumvi,
na ya mto hata usiyataje.
Kinga ya mvua, au ununue.

Jana tulilijaribu hadi Mambrui, yeye ubavuni mwangu,
kopo la Kimbo lenye udongo kalibana kwa miguu.
Sindano ilipanda, ikafika katikati, ikakaa.
Darajani akaniambia nipunguze mwendo.
Nilidhani ataumwaga.
Aliyatazama tu yale maji yakipita,
akakaza kifuniko cha kopo,
akaniuliza sindano inasemaje.