Neno la Kulia

Saa kumi na moja, bomba halijaanza kukohoa,
Mtasema anagonga ndoo kwa mkia.
Yeye ndiye mkubwa wao. Miguu mitatu.
Jina nilimpa mimi; jirani akalielewa, akaninunia.

Mwezi huu wako watano.
Kodi, aliyeachwa na mpangaji wa chumba cha uani
pamoja na ndala moja na deni la miezi minne.
Bajeti, tuliyemwokota Juni, nyumba za wageni zimejaa,
akila mifupa ya kuku nyuma ya kibanda cha chipsi.
Zege, wa saiti ya Iyumbu: saruji ilimkaukia kifuani,
nikaikata na manyoya yake kwa mkasi wa kushonea,
siku mbili.
Na yule mdogo mweupe, ambaye sijamwita kitu.
Ukishampa jina, asema mpwa wangu Lechipya,
siku akiondoka anaondoka mtu.

Si wangu hawa. Wamepanga tu, nawaambia wapita njia,
kama nyie. Wakipona, wakijua adabu, wanapata kwao.
Ng'hong'honha nzima inaniita Mama Mbwa,
tena kwa heshima, majuma ya wezi.

Pumba. Dagaa waliosagwa. Ijumaa, utumbo wa bucha la Chiwanga,
na upepo wa Julai unaotia Dodoma yote sufuriani
kabla sijapata mfuniko.

Masomo yenyewe ni mafupi:
kaa, acha, subiri,
kamba ya katani, vipande vya mapafu mfukoni mwa gauni
(nguo zangu zote zinanuka mapafu, hata ya kanisani).
Zege hakuweza hata kaa.
Mkono ukiinuka alijilaza chini, akajikojolea.
Wiki tatu nilitembea mikono nyuma
kama mkaguzi wa shule,
nikimpita, nikimpita,
mpaka asubuhi moja akaniwekea kidevu kwenye kandambili
kama mtu anayetua mzigo.

Jioni, mabakuli matano ukutani.
Hakuna anayegusa. Mate yanatoboa vumbi.
Nawatazama mmoja mmoja, hata yule asiye na jina,
kisha nasema, kama mama alivyonifundisha kuingia kwa watu:
Mbukwenyi.
Ndipo vichwa vinazama.

Jumamosi alikuja Sixbert, fundi bomba, mtu wa Bukoba,
ana kiwanja Ihumwa, mabomba yake yanaibwa.
Nikampa kadi ya chanjo, kamba, nusu kiroba cha pumba.
Nikamweleza yote: anaogopa koleo, anaogopa ngazi,
usivue kofia ghafla.
Pikapiki ya matairi matatu ikaondoka na Zege amekaa wima,
nimemwambia kaa, amekaa.
Nikafagia uwanja. Nikaufagia tena.

Jumatatu usiku, simu.
"Mama, huyu hali. Siku ya pili sasa.
Nyama iko mbele yake, ameketi tu,
ananitazama kama ninayemdai ni mimi
na anayenidai ni yeye."

Nikashika kichwa. Yote nilimpa, neno sikumpa.

"Fungulia spika. Iweke simu chini, karibu na bakuli."
Mbukwa, nikasema,
maana yuko peke yake, na Kigogo kinahesabu watu
kabla ya kuwasalimu.

Kimya.
"Amesimamisha sikio," akasema Sixbert.
"Anaangalia pembeni. Huku. Na huku.
Kama kuna wenzake wamechelewa."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.
Tangu aje kwangu sijawahi kumsalimu peke yake.

Mbukwenyi, nikasema. Mbukwenyi, Zege.

Nikasikia bati likiburutwa kwenye sakafu ya Ihumwa,
ulimi, bati, ulimi,
na Sixbert akicheka, akiuliza neno hilo linaandikwaje.

Nikageuka. Nyuma yangu wanne wamesimama mstari mmoja,
wamekula saa mbili zilizopita, matumbo yamewajaa,
wananikazia macho:
neno limetoka, Mama. Chakula kiko wapi?