Kinachokirudisha

Umeme umekatika tangu saa nane mchana
na Pasua nzima inanguruma:
jenereta ya saluni, ya mashine ya kusaga,
ile ya buchani inayokohoa kama mtu aliyelala na moshi.
Nimezifungua zote. Nimeoga mafuta yake hadi kwapani.
Nifunge kitambaa machoni, unisimamishe njia panda,
nitakuambia ya nani imelegea pistoni
na nani kauziwa dizeli yenye mafuta ya taa.

Ndiyo maana mdogo wangu Ndekirwa, Desemba ile alipokuja,
alisema, "Kaka, wewe ungefaa kwenye sona."

Yeye anaishi chini ya maji.
Mtoto wa Kidia, aliyejifunzia kuogelea
kwenye mfongo uliomfika magotini,
alikula kiapo chini ya bendera isiyo yetu
na sasa anachunga kinu. Si cha kutwangia, cha nyuklia,
ndani ya chuma kirefu kuupita uwanja wa Ushirika, goli hadi goli.

Tulikaa nyuma ya banda la ng'ombe.
Akajaza ndoo maji, akazamisha chupa ya soda, akanifundisha.
Kuna nyambizi za ukoo wako, alisema, za dizeli.
Zinapanda, zinachomoza bomba, zinavuta hewa,
zinawasha injini na kujaza betri
kwa haraka ya mwizi anayekunywa maji kisimani.
Hapo ndipo zinapokamatwa.
Lakini zikizima injini, zikashuka na betri peke yake...

Akanyamaza.
Nikasubiri aendelee.

"Hivyo," akasema. "Ndivyo zinavyosikika."

Na ya kwenu?

Ya kwetu haipandi kama haitaki.
Hewa inajitengenezea, maji ya kunywa inajichujia,
nishati iliyotiwa siku ya kuzaliwa
itaifikisha karibu na uzee.
Ila haijui kunyamaza.
Kinu lazima kipozwe, pampu zisukume usiku na mchana;
hata ikisimama, hata watu wakilala,
pana kitu kinavuma ndani.
Akajigusa kifua, nadhani bila kujua.

Nikacheka: kumbe mashine ya maskini inaiwinda ya tajiri!
Hakucheka.
Mazoezini, alisema, tuliipita moja, hatukuijua.
Baadaye walitutumia kanda.
Ilikuwa sauti yetu wenyewe, dakika arobaini.

Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori.
Sikio lake zima ni moja tu, tukadhani hatupo ndani yake.
Akauliza kwa Kichaga, kisha akarudia kwa Kiswahili
ili pasiwe na wa kujifanya hakuelewa:
"Sasa chombo kisichodai hewa, wala mafuta, wala maji,
kinachokirudisha nyumbani ni nini?"

Ndekirwa akaitazama ndoo.
"Chakula, mama. Kikiisha chakula, tunarudi."

Mama akaendelea kumenya.

Mimi ni wa dizeli, sikatai.
Kila Jumamosi napandisha Kidia na pikipiki yenye kelele,
nanuka oili, nina shida ya ada,
navuta pumzi jikoni kwake, nashuka.
Mwenzangu, miezi mitatu kimya, kisha simu ya dakika nne,
na nyuma ya maneno yake, mimi fundi, nasikia pampu.

Siku alipoondoka, mama yule,
asiyemwacha hata msoma mita aende mikono mitupu,
hakumfungia kitu. Si ndizi kavu, si kijichupa cha asali.
Nilimgombeza njia nzima ya kurudi kutoka stendi.
Akaniacha nimalize.
"Nikimpa akiba," akasema, "atakawia."

Umepita mwaka wa sita.

Umeme umerudi. Zinazimika moja moja,
saluni, mashine, duka la Mangi.
Imebaki ya buchani, mwenyewe kaisahau,
inakohoa peke yake, haimpi mtu taa.
Ningeweza kuvuka barabara nikaizime.
Bado nimekaa.