Mpaka Lami

Isyonje, saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umekalia viazi
kama mgeni asiyetaka kuaga.
Nasukuma pikipiki. Siiwashi.
Ni mita mia tatu mpaka lami, na mvua ya jana
imeacha utelezi wa kumtoa mlokole matusi,
lakini nasukuma, maana mama amelala,
au analala kwa namna yake, sikio moja likiwa nje.

Dada yangu Subilaga aliondoka mwezi wa nne
na begi la kuazima na cheti cha upishi.
Tangazo lilisema hoteli. Lilisema bweni lenye maji ya moto,
mshahara wa dola, nauli ya ndege juu yao.
Mchungaji aliuombea ule mkataba
ulioandikwa kwa herufi ambazo hata yeye
alizishika juu chini.

Wiki ya tatu akatuma sauti, ya kunong'ona,
nyuma yake bomba la maji limefunguliwa makusudi:
Lugano, hapa hakuna jiko.
Tunapewa glovu, tunapaka gundi kwenye mabawa.
Bawa moja dakika kumi na moja, msimamizi ana saa.
Ukiuliza, unaambiwa ni ndege za shamba, za kunyunyizia dawa.
Zikijaribiwa nje zinalia kama pikipiki yako
ikiwa na magunia mawili, inaupanda mlima wa Igawilo.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kwani na sisi tulikuwa tumeiona moja:
bwana shamba aliileta ndani ya boksi,
ikaelea juu ya viazi vya mzee Mwakalukwa
ikimwaga dawa ya bakajani,
na watoto wakaikimbilia wakiipungia mikono.

Halafu mbolea.
Mfuko wa elfu sitini ukaruka hadi laki moja na thelathini.
"Vita, ndugu yangu," akasema muuza duka pale Uyole,
akanyoosha kidole kaskazini
utadhani vita viko nyuma ya Loleza.
Vita gani?
"Si hivi vya kwenye simu."
Nikalipa. Hela ilikuwa ya Subilaga, ya mwezi ule.
Nikaufunga mfuko kwenye keria,
na njia nzima nikawa naipanga hesabu nimweleze mama,
gundi, bawa, bandari, mfuko,
nikafika nyumbani sijapata pa kuanzia.

Mheshimiwa naye akaja, na jukwaa lake, na vipaza sauti.
"Sisi hatufungamani na upande wowote!"
Tukapiga makofi. Kanga ziligawiwa.
Mama akanyoosha mkono, alikuwa na swali moja tu:
mwanangu yuko upande gani?
"Muda haupo upande wetu," akajibu mshereheshaji,
watu wakacheka.
Tulipewa namba ya wizara. Namba inaita.
Ina muziki mzuri wa kusubirishia.

Jumanne moja upande wa pili nao wakatuma za kwao.
Ilikuja video: paa la bluu, bweni, miti isiyo na majani,
na kabla ya moshi, ile sauti.
Mama aliisikia akiwa ameipa simu mgongo.
Akatoka na sufuria mkononi mpaka uani
kunifungulia geti.

Mimi nilikuwa nimekaa jikoni. Simu niliishika mimi.

Subilaga yu hai. Ana nyuzi sita kidevuni.
Anasema paa wameweka turubai, kazi inaendelea,
saa ya msimamizi haikupata hata mkwaruzo,
pasipoti bado ziko kabatini kwao.
Na ametufundisha: ikilia, bado una muda.
Ikinyamaza ghafla, lala chini.

Tangu hapo nikifika nyumbani nikazima injini
mama hushika ukingo wa meza, midomo ikihesabu.
Hajui kama anahesabu.

Kwa hiyo nasukuma, kwenda na kurudi.
Barabarani ananikuta mwalimu Tumpale, abiria wangu wa kwanza,
nahema, tope limefika magotini.
"Mafuta yamekuishia tena?"
Ndiyo, mwalimu.
Anapanda. Napiga kiki.