Kiraka cha Tarehe Kumi na Nne

Barafu imeondoka ziwani Kerimäki kama mgeni asiyeaga,
nasi tumeipindua boti ya baba juu ya matairi manne,
tumbo juu, aibu zake zote nje,
gerejini, mlango wazi.

Boti ya faiba, mita nne na nusu, haina jina.
"Boti ni boti," baba husema.
Aliipaka rangi yoyote iliyobaki makoponi
baada ya uzio, baada ya sauna, baada ya choo cha nje.

Ilpo, ndugu yangu, ameshika mashine ya msasa.
Mimi napiga kwa mkono kwenye kona isikofika mashine.
Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu:
linaingia kwenye mikunjo ya kiwiko, chini ya saa,
linalala nawe kitandani kama mume mwenye kinyongo.

Nyeupe ikatoka.
Ikatoka nyekundu ya uzio.
Ikatoka kijani kile cha mwaka kiwanda cha mbao kilipofungwa
na baba akashinda nyumbani, akipaka kila kisichokimbia.
Chini kabisa, samawati. Ile tuliyoijua utotoni.

Kisha, kushoto, karibu na mkuku,
msasa ukabadili sauti.
Ilpo akazima mashine.

Duara. Ukubwa wa kisahani cha kahawa.
Faiba juu ya faiba, kingo zimelainishwa
hata kidole hakijui kinapovuka.
Na ndani ya resini, kama jani ndani ya barafu,
penseli, mwandiko wa baba:
14.8.

Mwaka hakuuandika.
Mwaka tunaujua sisi wawili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Ilpo tisa.
Tuliichukua boti baba akiwa amelala mchana,
tukaigonga kwenye mwamba wa Kissakivi.
Mlio ule: jino linalong'olewa.
Tukaziba kwa soksi ya Ilpo na gundi ya baiskeli,
mimi nikipiga kasia, yeye akichota maji kwa kopo,
tukaifunga gatini, tukaapa.
Kiapo tumekishika miaka thelathini na minne,
hata Ilpo alipolewa kwenye harusi yangu.
Wiki ile baba alisema hatuendi kuvua,
injini inakohoa.
Tuliiamini injini.

Jioni akaja na kigari chake cha kutembelea,
magurudumu yakilia kwenye changarawe.
Akatazama. Akaweka dole gumba juu ya kiraka,
akalizungusha polepole, kama anayekagua mkate.
Tulisimama mbele yake, wazee wazima wenye mvi za vumbi,
barakoa zimening'inia shingoni.

"Resini ilikuwa ghali mwaka ule," akasema.
Halafu: "Msikichimbe. Kimeshika."

Ilpo akameza mate.
"Na soksi?"
"Niliifua. Nikairudisha kabatini."
Akaulizia kahawa.

Husemwa asiyeziba ufa atajenga ukuta.
Yeye aliziba. Lakini kile kimya,
miaka yote ile mezani, viazi vikipitishwa mkono kwa mkono,
kilikuwa ufa, au ukuta, au soksi safi iliyokunjwa?
Sikumuuliza. Kwetu hatuulizani hivyo.

Asubuhi iliyofuata kipimajoto kilisoma digrii kumi na sita.
Tulifuta kwa asetoni, tukabandika utepe,
tukapaka praima, siku ya pili rangi: kijivu,
ya dukani safari hii, kopo jipya, si masalio.
Ilpo alitaka kuacha kidirisha juu ya ile tarehe.
Jua litaila resini, nikamwambia.
Akapitisha rola mwenyewe, mara mbili, akiangalia pembeni.

Mbu wa kwanza wa mwaka akatua kwenye rangi mbichi,
akazama miguu yote sita.
Ilpo akanyoosha kibanzi cha mti.
Mwache, nikasema.
Atakayepiga msasa baada yetu
naye akute kitu.