Jiwe la Mizani

Sokoni Luanda, nyanya Ayuma
alipimia ugoro kwa medali ya babu.
Upande huu kichwa cha Mfalme Joji,
upande ule tumbaku ya kusaga,
na mizani ikitikisika kidogo, kisha ikitulia.
Wateja walizoea: "Nipimie mzungu mmoja na nusu."

Babu, Koplo Ombima wa Keya,
hakuivaa tena tangu siku ile uwanjani Kakamega
Bwana Disii alipomsogelea na pini
na mkalimani akasoma karatasi:
kwamba huko Bama, mtoni,
risasi zikichuna majani ya mianzi,
alirudi peke yake akauokoa mzinga wa bombom,
mali ya Serikali.

Lakini usiku, mvua ikigonga mabati,
alitusomea karatasi nyingine, isiyoandikwa.
Alimrudia Nabwera.
Nabwera wa Kimilili, aliyekuwa akimdai
senti hamsini za sigara.
Alimkuta matopeni, ameukumbatia mzinga,
vidole vimekaza kama mizizi ya mkuyu.
"Ningevivunja vile vidole?"
babu aliuliza kila mara,
nasi kila mara tulinyamaza.
Basi akawabeba wote wawili, mtu na chuma,
maji yakimfika kifuani.
Ng'ambo, afisa alikuja na tochi.
Akaumulika mzinga, akaukagua, akasema vema.
Tochi haikushuka zaidi ya hapo.

"Na niliogopa," alisema.
"Msije mkasahau hilo. Nilijikojolea,
mto ukanisitiri."

Vita vilipokwisha alikwenda Kimilili kwa miguu,
medali mfuko huu, senti hamsini mfuko ule.
Mamake Nabwera alikuwa akipura wimbi.
Aliipokea medali, akaifuta kwa kanga,
akamtazama yule mwanamume wa fedha
kwa muda mrefu, kama atazamaye mgeni mlangoni.
"Huyu simjui," akasema, akairudisha.

Senti hamsini alizichukua.
Deni ni deni.

Akarudi nyumbani. Jiwe la mizani la nyanya
lilikuwa limepotea wiki hiyo hiyo.

Sasa medali iko mezani kwangu.
Miaka thelathini ya kidole gumba cha nyanya
imeila pua, imelila taji,
hata masikio yamekwenda na tumbaku.
Ukiishika karibu na taa
waweza kudhani ni mtu yeyote,
mtu wa Kimilili, mathalani.

Nikiisogeza puani
bado napiga chafya.