Wapole wa Nyabyeya

Askari wa lango ndiye aliyeanza,
kwa Kiswahili alichookota jeshini:
"Hawa wanaoshuka kwenye lori ni Wapole."
Bibi yangu Nyamaizi, kikapu cha mayai kichwani,
akadhani anasifu tabia zao.
Akawatazama: wanawake, watoto,
mzee mmoja aliyevaa koti la manyoya
katika jua la Masindi,
midomo imepasuka, nyayo zimefungwa matambara.
Akawaambia, "Poleni."
Wakageuka wote
kama walioitwa kwa jina la kwao.

Biashara ikaanzia hapo.
Mayai sita kwa kitambaa kilichotariziwa ua jekundu,
fungu la mihogo kwa kijiko cha bati.
Mwenye kitambaa aliitwa Genowefa.
Bibi hakuliweza jina hilo, akampa empaako: Abwooli,
maana kwetu mtu asiye na jina la kusalimiwa
hubaki mgeni hadi kufa.

Mchana mmoja Abwooli aliokota kipande cha mkaa,
akachora nchi yake kwenye sakafu ya udongo.
Huku jirani mkubwa,
huku jirani mkubwa mwingine,
kila mmoja na bendera yake na wimbo wa kujisifu,
wakaipasua katikati kama mbuzi wa karamu
ambayo mwenye mbuzi hakualikwa.
Kisha treni. Kisha theluji.
Kisha Uajemi, Mombasa, meli ya Kyoga, lori.
Mtoto wake mdogo alibaki kwenye theluji;
yeye alimchora kwa nukta moja.

Bibi akauchukua mkaa ule ule.
Akachora Bunyoro ya babu yake
kabla ya Mwingereza kuja na mizinga,
kabla kaunti hazijamegwa
wakatuzwa walioshika tochi wakati wa uwindaji.
Hakuwa na neno la kueleza haya
ambalo mwenzake angelielewa,
akaufuta upande mmoja kwa kiganja.
Abwooli akatikisa kichwa: ndiyo, hivyo hivyo.
Kuku akapita juu ya nchi zote mbili,
akidonoa ulezi.

Siku hizo kaka yake, Isingoma, alikuwa Burma,
akimpigania mfalme aliyemjua
kwa uso wa shilingi tu.
Barua yake moja ilifika, mwandiko wa karani:
Huku kunanyesha. Tunawatetea wanyonge
walioonewa na mataifa makubwa.
Bibi, wanasema, alicheka hadi akakaa chini.
Barua ya pili haikuwa na mwandiko,
ilikuwa na muhuri.

Abwooli alikuja matangani na mkate mweusi.
Akauliza kwa vidole: wapi?
Bibi akaelekeza mawio,
kisha mkono ukasitasita hewani,
ukarudi mapajani.

Mimi ndiye mfyeka nyasi wa makaburi yale.
Abwooli yuko safu ya tatu. Malaria ilimkuta
vita vimekwisha, washindi wamegawana,
naye bado anatafuta nchi ya kurudia.
Jina lake la ukoo lina herufi ya L iliyochanjwa tumboni;
nimeisugua mara nyingi, sijui inavyotamkwa.

Wajukuu wa Wapole wenzake huja
na mishumaa ndani ya vikombe vyekundu.
Hulia kwa adabu, hutia sahihi kwenye kitabu.
Mwaka jana mmoja aliniuliza, kupitia mkalimani,
kama nina mtu wangu aliyelala humu.
Nikamjibu wangu yuko Burma,
na siku hizi hata nchi yenyewe
imebadilishwa jina, sijui nikiuliza nianzie wapi.

Pengine huko naye yupo mtu na fyekeo lake,
amesimama mbele ya jiwe asiloweza kulisoma,
I-si-ngo, anajaribu, ulimi unateleza,
basi anampa jina la kwao.

Au hakuna jiwe.

Nilimwonyesha mgeni kivuli cha kanisa,
nikarudi safu ya tatu.
Mvua za Aprili huotesha haraka.